Lunette ya Kila Siku na Lunette ya Noeli

Ukungu wa Butembo hauombi ruhusa. Unafika shuleni kabla ya mlinzi, unajaza uwanja, unapanda nguzo na kuimeza bendera, kisha unatungoja tuje tuimbe. Jumatatu moja mwaka jana tulikuwa tumejipanga mistari tukiiimbia nguzo peke yake, midomo inatoa moshi kama jikoni, na ndiyo asubuhi niliyochagua kuja shuleni na miwani ya jua.

Ilikuwa nyeusi, pana, ya kufunika mpaka nyusi. Kwenye mkono wake kulikuwa na jina la dhahabu ambalo aliyeliandika hakulimaliza. Kwenye pembe ya kioo cha kushoto kulikuwa na kibandiko kidogo cha duara, kinachong'aa. Kibandiko hicho kwetu hakibanduliwi. Ukikibandua umetangaza mwenyewe kwamba lunette yako, maana ndivyo tunavyoiita, si mpya tena. Namjua motard mmoja wa pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, anayeendesha pikipiki na kibandiko mwaka wa pili sasa. Anaona nusu ya barabara, na kwa jinsi barabara zetu zilivyo, nusu inamtosha.

Wa kwanza kuniona alikuwa direkta wa nidhamu. Ni mtu wa mkoa mwingine, aliyeletwa kwetu na serikali na kusahauliwa hapa, mwenye mashati yaliyonyooshwa hata siku za mvua. Alisimama mbele yangu, akatazama mbinguni, akanitazama mimi.

"Weye. Jua iko wapi?"

"Haiko, Monsieur le directeur."

"Donc, lunette ni ya nini?"

"Niko na Apollo."

Apollo ni ule ugonjwa wa macho mekundu unaoruka kutoka mtu hadi mtu. Direkta alirudi nyuma hatua tatu. Sijawahi kuona neno moja likifanya kazi nzuri namna ile. Siku nzima hakuna mwalimu aliyeniita ubaoni. Yule wa hesabu alinirudishia daftari kwa kulitupa kutoka mlangoni.

Kosa langu lilikuwa kuwaeleza wenzangu. Jumanne wagonjwa walikuwa tisa. Jumatano tulikuwa kumi na tisa, na mmoja wetu alikuwa amevaa miwani ya mama yake, ile ya vipepeo na mawe ya kung'aa, kwa sababu nyumbani hawakuwa na nyingine. Direkta aliingia darasani na muuguzi wa kituo cha afya. Muuguzi akatuambia tuvue wote kwa pamoja. Macho thelathini na manane, meupe kama unga wa muhogo, yakamwangalia.

"Nani alianza?" direkta aliuliza.

Wagonjwa wenzangu kumi na wanane walinionyesha kwa kidole kabla hajamaliza swali.

Nilirudishwa nyumbani siku tatu. Mama hakunipigia kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisoma barua ya shule, akaikunja, akasema, "Bon. Kama unapenda mambo ya macho, utapeleka Mukaka Beni."

Mukaka ni mama wa baba yangu. Sisi Wanande hatumwiti bibi, kwa sababu kwetu bibi ni mke, ingawa yeye mwenyewe ananiita mume wangu tangu nilipozaliwa na ananidai kila mara nguo ambazo mume mwema angekuwa amemnunulia. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Kwa miaka miwili alitutambua kwa kikohozi na kwa namna ya kuburuta viatu. Alichagua maharage kwa vidole, jiwe huku, haragwe kule, na hakukosea sana, lakini uso wa mtu hauchaguliwi kwa vidole. Sura ya mjukuu wake wa mwisho, mdogo wangu wa kike, alikuwa hajaiona hata siku moja. Alikuwa anamshika pua na kusema, "Hii pua ni ya kwetu. Mabaki sijue."

Kwa hiyo tulishuka Beni, kwenye hospitali ya macho. Kutoka Butembo mpaka Beni unatoka kwenye sweta na kuingia kwenye jasho. Ukungu unakaa nyuma, barabara inateremka, na ghafla jua linakupiga usoni kama mtu uliyemsengenya.

Nilipofika niligundua jambo moja la aibu. Sisi wa Butembo tunavaa miwani ya jua ili tuonekane. Beni wanavaa kwa sababu ya jua. Motard wa Beni ana miwani ya njano dhidi ya vumbi, na haina kibandiko. Mnunuzi wa kakao amevaa ya kahawia, anaitazama mbegu kwa juu ya fremu kisha chini ya fremu, ili muuzaji asijue macho yake yanasema nini. Mwanajeshi wa barrière, kizuizi cha barabarani, ana ile ya kioo kama maji. Ukimtolea kitambulisho unajiona mwenyewe mara mbili, na mara zote mbili unaonekana mwenye kosa.

Nilimweleza Mukaka haya yote, maana yeye alikuwa hayaoni.

"Kumbe hapa ni ya kazi," alisema. "Nanyi kule munavalaka ku nini, ku bukungu?"

Munganga, yaani daktari, aliyempasua jicho la kulia alikuwa kijana, naye ametoka mbali, Kiswahili chake kina Kilingala ndani. Siku ya pili alitoa bandeji. Mukaka aliangalia ukuta, kisha akasema ukuta ule ni mchafu. Muuguzi alicheka, lakini ulikuwa mchafu kweli.

Munganga akatoa kifuko kigumu cheusi, na ndani yake miwani ya jua, mpya, imelala kwenye kitambaa chake kama mtoto wa mtu tajiri.

"Mama, sikia. Mwezi muzima. Ukitoka inje, lunette. Mupepo, lunette. Moshi, hapana karibia. Na hapana sugua jicho. Hii jicho ikikaa muzuri, nitafanya na ile ingine. Ikiharibika, ile ingine sitagusa, na hii nayo itaenda."

Kisha akanigeukia. "Weye ni garde-malade, ya kuchunga mugonjwa?"

"Ndiyo."

"Basi, hii lunette ni kazi yako."

Nilitaka kumwambia kwamba amepata mtaalamu, nina hata barua ya shule inayothibitisha. Badala yake nilikipokea kifuko, nikamvika Mukaka miwani.

Alivaa ile miwani kutoka hospitali mpaka Butembo. Aliivaa kwenye parking ya magari, aliivaa kupandisha kilima cha kwetu, aliwasalimia watu waliomsalimia na hata wasiomsalimia. Alipofika nyumbani aliivua, akaifuta kwa kitambaa chake, akaifunga kwenye kifuko. Nilidhani anapumzika.

Siku ya nne nilirudi kutoka shuleni nikamkuta uani, upepo unavuma, moshi wa jirani unaingia kwetu, yeye na ungo wa maharage mapajani, jicho tupu. Lilikuwa limeanza kuwa jekundu. Alikuwa analifuta kwa pembe ya kitenge.

"Mukaka, lunette iko wapi?"

"Iko muzuri."

"Mahali gani?"

"Mu sanduku."

"Inafanya nini mu sanduku?"

"Inangojea Noeli." Akaniangalia kama mtoto asiyelelewa. "Kitu mupya kama ile, na kifuko yake, na kitambaa yake, miye nivale mu maharage?"

Ili umwelewe inabidi uijue nyumba yetu. Kila kitu chetu kiko viwili. Kuna sahani za kila siku na sahani za maua, ambazo nimekulia mara mbili maishani, zote kwa ubatizo. Kuna blanketi la kulalia na blanketi la kuonyesha wageni kwamba tuna blanketi. Viti vya salon ya wageni bado vina plastiki ya dukani, na plastiki hiyo inanizidi umri. Watu wanasema ni sisi Wanande wote. Sijui. Najua kwamba Mukaka ana vitenge vya wax ambavyo havijakatwa tangu kabla baba hajaoa, na kwamba kitu kipya kikivaliwa siku ya kazi yeye anasikia maumivu, kweli kabisa, mahali fulani chini ya mbavu.

Mama alijaribu. Lakini mama ni mke wa mtoto wake, hawezi kumwambia mama mkwe neno gumu, kwa hiyo alimbembeleza. Mukaka alikubali kila kitu. Alivaa miwani mama akiwa anatazama, na mama alipokwenda sokoni miwani ilirudi kwenye sanduku. Mimi nilimtisha kwa munganga. Akajibu kwamba munganga yuko Beni.

Jicho likaendelea kuwa jekundu. Nilianza kuhesabu siku, mimi ambaye hata siku za mitihani huwa sizihesabu.

Jumamosi alinituma nimtolee kitambaa cha kichwa kutoka kwenye lile sanduku. Chini ya vitenge nilikuta kifuko cheusi, na chini ya kifuko kulikuwa na albamu ya picha. Nikaiwahi, kwa sababu mambo ya zamani ya watu wazima ni silaha nzuri. Niliketi nayo karibu yake nikawa ninamwelezea kila picha, ili asilichoshe jicho, naye anitajie watu.

Kulikuwa na kijana amesimama na redio, miwani nyeusi usoni. Kulikuwa na mwanamke na mtoto mgongoni, miwani nyeusi. Katekista, miwani nyeusi. Wanaume watatu wameshikana mabega, wa katikati miwani nyeusi. Ukurasa wa nne nilianza kutazama vizuri. Miwani yote ilikuwa na ufa mdogo, pembe ya chini, kioo cha kulia.

"Mukaka, hii ni lunette moja."

Alicheka mpaka nikamwambia asisugue jicho. "Ilikuwa ya fotografe. Alikuwa na koti moja, kravate moja, na lunette moja. Batu bote ba hii mutaa balipita mule."

Akanieleza. Wakati ule kahawa ilikuwa inalipa na kila mtu aliyeuza gunia lake alitaka kupigwa picha, na picha bila miwani ilikuwa picha ya kitambulisho, haitumwi kwa mchumba. Ulikuwa unajipanga nje ya studio. Aliyetoka alimkabidhi anayeingia, ikiwa bado ina joto la uso wake. Baadaye mjomba wa sokulu, yaani wa babu yangu, alirudi kutoka safari ya kuuza kahawa Uganda na miwani yake mwenyewe, ya fremu ya dhahabu, na watu walimwogopa kidogo, kama mtu aliyejichimbia kisima chake peke yake. Kisha vijana wakaanza kuzileta kutoka Dubai. Siku hizi zinakuja kutoka Guangzhou kwa kontena, zimebanana kama dagaa, na kila kiziwi na kila bubu ana yake. Mitindo inakwenda na kurudi: ile pana ya kwangu, niliyodhani imebuniwa mwaka huu, ilikuwa usoni kwa katekista.

Mwisho wa albamu kulikuwa na picha mbili za siku moja. Kwenye ya kwanza sokulu amevaa miwani na Mukaka amenuna. Kwenye ya pili Mukaka ameivaa, anacheka meno yote, na sokulu anatazama pembeni.

"Tulibishana," alisema. "Lunette moja, batu babili. Alisema ni ya mwanaume. Nikamwambia basi oa fotografe."

"Ulikuwa unaipenda."

"Sana."

"Na ilikuwa na ufa."

"Ilikuwa ya zamani," alisema, kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata kuku analijua. "Kitu ya zamani unavala tu."

Usingizi haukuja upesi siku hiyo. Nilikuwa nimeipata dawa, na ilikuwa dawa ya kunigharimu. Shida ya Mukaka haikuwa miwani. Shida yake ilikuwa kwamba alikuwa na ya Noeli na hakuwa na ya kila siku.

Jumapili wote walipokwenda misa ya pili nilifungua sanduku. Niliitoa miwani ya munganga kwenye kifuko chake. Mahali pake niliweka ya kwangu, ile ya Apollo, na kibandiko chake na jina lake lisilokwisha. Kwa umbo zilifanana kama mapacha. Naamini zilitoka kontena moja. Nilifunga kifuko, nikakaa dakika moja ya maombolezo, nikaanza kazi.

Si rahisi kuzeesha kitu. Nilichukua kipande cha papier de verre, ule msasa wa fundi mbao, nikasugua mikono ya fremu. Nilipaka majivu na mafuta ya mawese. Vioo sikuvigusa, nilivifunika kwa karatasi kama mtu anayepaka rangi madirisha. Nilikata mpira wa soksi yangu nikafunga nyuma, mkono kwa mkono, kama wafanyavyo wazee. Kisha nikaivaa siku mbili mtaani ili ipate jasho. Siku ya pili rafiki yangu aliniuliza nimeokota wapi hiyo takataka, nikajua iko tayari.

"Mukaka, nilipata lunette ya zamani. Haina kazi. Unaweza kuvala mu maharage."

Aliipapasa. Akaushika mpira, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo. Akainusa.

"Ni ya nani?"

"Ya mutu aliacha shule."

"Inanuka mutu muvivu," alisema, akaivaa.

Tangu hapo haikutoka usoni. Aliivaa kwenye maharage, kwenye banda la kuku, kwenye njia ya bombani, ndani ya nyumba, na mara moja niliikuta juu ya pua yake akiwa amesinzia. Watoto wa mtaa walianza kumpigia saluti. "Mon colonel," walimwambia, naye akawajibu "Repos," yaani pumzikeni, na sijui alilijifunza wapi. Baada ya juma moja jicho lilikuwa jeupe. Baada ya majuma mawili alimwita mdogo wangu, akamshika mabega, akamtazama kuanzia nywele mpaka kidevu bila kumgusa pua, akamwambia, "Mabaki nayo ni ya kwetu."

Mimi nilikuwa nalipa kila Jumapili. Baada ya misa alifungua sanduku, akafungua kifuko, akaichungulia miwani yake ya Noeli, akafunga. Jumapili ya pili aliita.

"Mume wangu. Hii kakaratasi ilikuwaka hapa?"

"Ndiyo. Ni ya munganga. Hapana toa."

Hakuitoa.

Mwezi ukaisha, na siku ya kurudi Beni nikafanya kosa ambalo mtu wa nyumba yetu hakustahili kulifanya. Nilikuwa nimefikiria Noeli tu. Sikufikiria kwamba kwenda kwa munganga ni siku kubwa kuliko Noeli.

Alitoka chumbani saa kumi na mbili asubuhi amevaa wax ambayo haikuwahi kuona mwanga, kitambaa kichwani kimesimama kama mnara, na usoni, kibandiko kikimeta kwenye ukungu, miwani yangu. Ile ya mtu mvivu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Mama alikuwa anamsifu. Niliipitia ile ya msumarini nikaitia mfukoni.

Kwenye taksi alitaka dirishani. Kioo cha dirisha hilo kilikuwa hakipandi. Mwanzoni hapakuwa na shida, bado tulikuwa ndani ya ukungu. Lakini nilijua barabara inateremka, na nilikumbuka somo moja la fizikia, kwa sababu ndilo somo nililofukuzwa katikati yake. Mwalimu alisema kioo cheusi cha plastiki ya ovyo kinaidanganya mboni ya jicho. Inafunguka kama mlango wa duka ikidhani ni giza, na mwanga mbaya unaingia wote. Yaani ile ya kwangu ilikuwa mbaya kuliko kutovaa kitu. Mimi nilikuwa nimeivaa shuleni bila wasiwasi. Jicho lake la mwezi mmoja lilikuwa jambo jingine.

"Mukaka, vumbi itaharibu lunette yako mupya. Vala hii ya zamani kwanza."

"Niingie kwa munganga na lunette ya mutu muvivu?"

"Utabadilisha kule."

"Batu ba mu gari banaona sasa."

Watu wa gari walikuwa watatu, na wawili walikuwa wamelala. Tulipita Maboya. Ukungu ukaanza kuchanika. Mstari wa jua ukaingia dirishani, ukapanda kwenye kitenge chake, ukafika shingoni. Niliweka mkono wangu kati ya jua na uso wake.

"Uko unafanya nini?"

"Mukaka, ile haiko ya munganga. Ni ya kwangu. Ya munganga ni hii."

Dereva alipunguza mwendo ili asikie vizuri. Nikaeleza yote, haraka, sanduku, kifuko, kontena, mkono wangu ukiwa bado hewani kama nasimamisha gari.

"Donc, mwezi muzima," alisema Mukaka, "nilikuwa mu maharage na lunette mupya."

"Ndiyo."

"Mu kuku."

"Ndiyo, Mukaka."

"Na ile nilikuwa nachunga mu sanduku..."

"Takataka."

Akafikiri. "Ulitia nini juu yake?"

"Majivu. Na mawese. Na papier de verre kidogo."

"Ku kioo pia?"

"Hapana. Kioo sikugusa."

"Na hii mupira?"

"Ya soksi yangu."

"Ulifua?"

Dereva alilazimika kusimama kando ya barabara. Aliinamisha kichwa kwenye usukani, mabega yanaruka. Wale wawili wakaamka wakauliza kama ni barrière.

Mukaka hakucheka. Aliivua miwani ya kibandiko, macho amefumba, akaninyooshea. "Vala." Nikaivaa. Akachukua ile yake, akaufungua mpira wa soksi, akautupa nje ya dirisha, akaivaa, akafumbua macho. Mpaka Beni aliniambia jambo moja tu, kwamba angekuwa na miaka ishirini angeniacha akaolewe kwingine.

Munganga alituona mlangoni. Alitazama miwani ya Mukaka, iliyochubuka, nyeusi ya masizi, mkono mmoja umepinda.

"Mama, hii ni ile nilikupa? Mulienda nayo mu vita?"

"Nimeivala kila siku, munganga," alisema Mukaka, kichwa juu. "Hata mu maharage. Hata mu kuku. Batu bengine banaweka mu sanduku, miye hapana."

Nilikohoa. Munganga alinitazama mimi, kibandiko changu na vyote, akaamua kutouliza.

Alimkalisha, akamwangalia jicho kwa kile kitaa chake kidogo. Alichukua muda. Aliangalia tena. Niligundua nimeshika ukuta, na kwamba ulikuwa umepakwa rangi mpya. Kisha akamfunika jicho la kushoto kwa kijiko cha plastiki, akamwonyesha karatasi ya upande wa pili wa chumba. Ni ile ya wasiojua kusoma: alama moja yenye miguu mitatu, mara imeelekea huku, mara kule, mstari kwa mstari ikizidi kuwa ndogo.

"Unaona nini?"

"Kiti."

"Miguu iko wapi?"

"Ku chini. Ile ingine imeanguka ku kuume. Ile ingine batoto bamepindua, miguu juu."

"Mustari ya pili?"

Akataja viti vyote. Mstari wa tatu, wa nne. Wa tano munganga alisogea mbele kwenye kiti chake. Wa sita Mukaka alikunja uso, akachelewa, akasema kimeanguka, kimesimama, kimeanguka, kimeanguka. Munganga aliangalia karatasi, akaangalia orodha yake.

"Muzuri. Imetosha, mama. Ile ndiyo ya mwisho."

"Bado," alisema Mukaka. "Chini yake kuna inzi."

"Hapana, mama. Chini hakuna kitu."

"Kuna inzi. Eko anasugua mikono."

Munganga alisimama. Alivuka chumba, akainama karibu na karatasi, pua yake nusura iguse. Inzi akaruka.

Munganga alibaki ameinama pale kidogo. Kisha akarudi mezani, akafungua daftari lake kubwa, akatafuta ukurasa ulio na nafasi, akamwuliza Mukaka kama Alhamisi ya juma lijalo ingemfaa kwa jicho la pili.

"Hata kesho," alisema Mukaka.